UZI: Kutia bitana upya sanduku la bunduki la zamani, joho limeliwa na nondo

#1 Mjukuu wa Karani

Wakuu, habari za jioni. Uzi una urefu kidogo, vuteni viti.

Nina sanduku la bunduki alilotuachia babu. Msidhani ni yale ya plastiki nyeusi. Hili ni la mbao ya mwaloni, nje limevishwa ngozi ya kahawia ambayo kwa uzee imekaribia kuwa nyeusi, pembe zina kofia za shaba, kitasa cha shaba, na mkanda mmoja umekatika. Ndani lilikuwa na bitana ya joho jekundu, kile kitambaa kizito cha sufu. Nasema lilikuwa kwa sababu nondo wameshafanya karamu. Ukilipuliza linatoa vumbi na vijinyuzi. Upande wa kitako kuna mtu (namshuku mjomba) aliwahi kubandika sponji ya godoro, na sponji yenyewe imegeuka dude la njano linalonata kama ubani uliotafunwa.

Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, bosi wake Mgiriki. Lilipokuja Azimio la Arusha mwaka 1967 na mashamba ya mkonge yakaanza kutaifishwa, Mgiriki akafungasha. Bunduki akaikabidhi polisi, sanduku tupu akamwachia karani wake awekee karatasi. Babu akaziweka kweli: stakabadhi za kodi, kadi ya TANU, barua za dada yake kutoka Pemba. Hizo tumeshazihamisha.

Sasa baba ana shotgani yake ya kihalali, Baikal ya Mrusi, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, ya kufukuzia nguruwe na nyani kwenye michungwa Muheza. Nyumbani inakaa kwenye kabati la chuma lililopigwa boliti ukutani. Shida ni siku ya kuipeleka kukaguliwa. Mzee anaifungua vipande, anavifunga kwenye kanga ya mama, anapanda gari. Kanga imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Mara ya mwisho askari wa kaunta akaisoma kwa sauti, watu wakacheka mpaka basi, mzee akarudi amenuna. Ndipo nikalikumbuka sanduku.

Naomba muongozo: joho la zamani linabandukaje bila kuharibu mbao? Nitumie kitambaa gani na gundi gani? Na ndani ya kifuniko kuna lebo ya karatasi ya Westley Richards, imekwanguka pembe moja tu. Hiyo sitaki iguswe.

#2 Mpiga Soga

Mkuu umeshasema bunduki ipo, michungwa ipo, na ni Muheza. Imebaki namba ya nyumba tu.

#3 Msimamizi wa Jukwaa

Mpiga Soga kaongea utani lakini ana hoja. Mleta uzi, ukiweka picha hakikisha namba ya silaha haionekani, wala karatasi ya leseni. Tunaongelea sanduku. Habari za kununua, kuuza au kuazimana silaha zitafutwa humu, sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haina mzaha. Endeleeni.

#4 Bwana Nyama Mstaafu

Kijana, shikamoo nimeipokea hata kama hukuitoa.

Kabla ya gundi na kitambaa, sikiliza kwanza. Sanduku la namna hiyo ni la safari. Bunduki inalala humo ikiwa njiani, ikifika inatolewa, inafutwa, inarudi kabatini. Mimi nilijifunza kwa kuumia. Masika moja nikiwa kituo cha porini niliiacha raifo ya serikali kwenye sanduku la ngozi, nikaenda likizo ya wiki sita. Kurudi, nafungua, naona mtutu umechorwa mstari wa kutu ulionyooka kama rula, upande mmoja tu: pale chuma kilipolalia joho. Sufu inavuta unyevu wa hewa na kuushika. Mwaloni una asidi yake, na ngozi iliyoivishwa kwa magome ya miti nayo ina yake. Unyevu na asidi na chuma vikifungiwa chumba kimoja wiki sita, unategemea nini? Barua ya kujieleza niliandika kurasa mbili.

Na wewe uko Tanga, pwani, hewa yenyewe ina chumvi. Kwa hiyo utie bitana nzuri, lakini mzee asije akanogewa akaifanya ndiyo nyumba ya bunduki.

Ile sponji ing'oe yote, usibakize hata punje. Sponji ya godoro huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa taratibu, inakuwa ute, na ute unashika kwenye chuma. Halafu inanyonya maji. Ukitaka kitu laini chini ya joho, tumia kipande cha blanketi la sufu au flana ya pamba.

Lebo: hiyo ni kampuni ya Birmingham, ya tangu 1812. Anwani iliyoandikwa ndiyo huwasaidia wajuzi kukadiria umri wa sanduku, maana maduka yalikuwa yakihama. Ukiiharibu lebo umeliharibu sanduku. Mimi ningeacha kifuniko chote kama kilivyo.

#5 Mjukuu wa Karani

Shikamoo mzee wangu, samahani sana, nilisahau adabu kwa haraka.

#6 Fundi Randa

Mimi ni seremala, miaka ishirini na kitu. Kubandua: sanduku la enzi hizo kwa vyovyote limegundishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa, ile tuliyoikuta kwa mafundi wazee wakiipasha kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji. Uzuri wake, inalegea kwa joto na unyevu kidogo. Jaribu hivi: chukua kitambaa cha pamba, kichovye maji ya moto, kamua mpaka kisidondoshe, kiweke juu ya kona moja ya joho dakika tatu nne. Inua kona kwa kisu butu cha mezani. Ikiachia taratibu na ukaona kitu kama uji wa kahawia, ndiyo yenyewe. Endelea vipande vidogo vidogo.

USIMWAGE MAJI. Maji yakipita nyuma, ngozi ya nje nayo imegundishwa kwa gundi hiyohiyo, itaanza kuvimba mapovu. Na patasi iache kwenye boksi, utakula mbao.

Vaa barakoa, fanyia nje. Hilo vumbi la miaka hamsini lina kinyesi cha nondo na ukungu.

#7 Jirani wa Voi

Majirani hamjambo. Huku Kenya uwindaji ulipopigwa marufuku 1977, wawindaji wa kulipwa wengi walihama au wakabadilisha kazi, masanduku yakabaki. Nairobi nimeyaona yakiuzwa kama mapambo ya sebuleni, watu wanawekea chupa. Moja lilikuwa na lebo mbili: ya kiwanda cha Uingereza, na chini yake ya Shaw & Hunter, duka la silaha la Nairobi. Aliyeliuza alikuwa ametia mahameli ya zambarau ndani na kubandua lebo zote "ili liwe safi". Nilitamani kulia.

Kwa hiyo mimi niko na Bwana Nyama. Kifuniko kiache.

#8 Mama Cherehani

Mahameli msithubutu. Mahameli ya siku hizi ni nailoni tupu, manyoya yake yanashika mchanga na hayauachii. Chembe moja ya mchanga chini ya mtutu, kila gari linapotikisika inasugua. Joho lenyewe la sufu ndilo lilikuwa sahihi, ila madukani ukiulizia joho watakuonyesha la mahafali.

Ukipata kitambaa chochote cha manyoya, pitisha kiganja juu yake kwanza. Upande mmoja kinalala, upande mwingine kinasimama. Vipande vyote ukate vikielekea upande mmoja, weka alama ya chaki nyuma kwenye kila kipande. Ukichanganya, kwenye mwanga sanduku litaonekana lina rangi mbili na utadhani dukani wamekuibia.

Na pima rangi. Lowesha kitambaa cheupe, sugua. Halafu tia tone la mafuta ya bunduki kwenye kipande, kiviringishe kwenye karatasi nyeupe, kilale usiku mzima. Kikichuja, kirudishe.

#9 Mpiga Soga

Sasa mnahangaika na sufu wakati kila baa Tanzania hii ina meza ya puli? Kile kitambaa cha kijani mnadhani ni nini? Fundi wa kubadilisha vitambaa vya puli huwa anabaki na vipande vya pembeni, tena vipya. Nunua kimoja umalize.

#10 Fundi Randa

Utani wa leo una akili. Kitambaa cha puli kizuri ni sufu iliyochanganywa na nailoni kidogo, kimesokotwa kubana, manyoya mafupi, unene haufiki hata milimita moja na nusu. Ni ndugu kabisa wa hilo joho. Ila achukue kipya. Kilichochezewa kimejaa chaki.

#11 Mtoto wa Mutrah

Salaam kutoka Muscat. Huku kwetu bunduki za Martini za mababu zinaning'inia ukutani au mabegani kwenye sherehe, masanduku hawana habari nayo. Lakini nimewahi kutia bitana sanduku la udi wangu (ala ya muziki), na kosa nililofanya naomba mjukuu asilirudie: nilipaka gundi moja kwa moja kwenye ubao, nikalaza kitambaa juu, nikabana kwa mkono. Kwenye kona kitambaa kilikunjamana, gundi ikapenya, ikakauka juu kama makamasi. Udi ukachubuka vanishi.

Njia iliyonitoa ni ya kadi. Unakata kadi ngumu kwa kipimo cha kila ukuta, unaivisha kitambaa, mapindo unayagundisha NYUMA ya kadi tu, halafu kadi iliyovishwa ndiyo unaibandika sandukuni. Usoni hakuna gundi hata tone. Na siku ukitaka kubadilisha, unang'oa kadi, mbao ya mzee haijaguswa.

#12 Mjukuu wa Karani

Mrejesho wa kwanza.

Jumamosi nimebandua chini na kuta. Kitambaa cha maji moto kimefanya kazi kama Fundi alivyosema, kwenye kona ya tatu nikazoea nikawa najua kwa harufu kwamba gundi imelegea (inanuka kama mchuzi wa kwato uliolala). Sponji imenitesa zaidi ya joho, nimekwangua kwa kadi ya zamani ya benki na kumalizia na spiriti. Kifuniko sijakigusa, nimekifunika kwa karatasi safi na kuibana pembeni kwa koleo za nguo.

Chini ya joho, kwenye sakafu ya mwaloni, kuna namba za penseli alizoandika fundi aliyelitengeneza, na mistari ya kuonyesha vigawanyo (vibao vya kutenganisha vipande vya bunduki) vinakaa wapi. Penseli bado inang'aa. Na kwenye ufa wa pembeni nikakuta senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, ya 1952. Sijui ilikuwa ya Mgiriki au ya babu. Mama anasema ya babu, maana Mgiriki hakuwahi kudondosha hela.

Tatizo limejitokeza. Ndani sanduku lina urefu wa sentimita 79. Mistari ya penseli inaonyesha mitutu ya inchi 30, yaani 76. Mitutu ya Baikal ni 72. Nikiilaza inacheza kama sentimita saba mbele na nyuma. Kitako nacho ni kinene kuliko kigawanyo cha zamani, hakiingii.

#13 Bwana Nyama Mstaafu

Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Masanduku hayo yalikatwa kwa kipimo cha bunduki moja, kama suti. Hamisha vigawanyo vimfuate Mrusi, vya zamani vifunge kwenye gazeti uvihifadhi.

Na kwa wasomaji wengine, nikiwa hapohapo: ukirithi bunduki yenyewe ya Kiingereza ya zamani, si sanduku, mpelekee fundi wa silaha aipime chemba (panapokaa risasi) kabla ya risasi yoyote. Nyingi zilitengenezwa kwa risasi ya milimita 65. Za leo ni 70. Inaingia vizuri tu, ikilipuka ndipo inakosa nafasi ya kufunguka.

#14 Mpiga Soga

Mzee naomba kuuliza la kitoto, kwa nini wanasema shotgani namba 12? 12 ya nini?

#15 Bwana Nyama Mstaafu

Chukua ratili moja ya risasi ya metali, igawe tufe 12 zinazolingana. Tufe moja ndiyo inayoenea mtutuni, kama milimita 18 na nusu. Ukigawa 20, tufe ni ndogo, ndiyo maana namba 20 ni nyembamba kuliko 12. Si swali la kitoto.

#16 Fundi Randa

Mjukuu, kwa vigawanyo fanya hivi. Tandika karatasi ya kaki sandukuni, laza vipande vitatu vya bunduki jinsi vitakavyolala: mitutu upande mmoja, kitako na mtambo wake wenye vifyatulio upande wa pili, ule ubao mdogo wa mbele unakaa katikati panapobaki. Hakikisha haina risasi kwanza, fungua uone kwa macho. Chora kwa penseli. Kila upande ongeza unene wa kitambaa mara mbili na kadi mara moja. Mbao ya vigawanyo iwe milimita 8 hadi 10. Mtutu usishikwe katikati, ushikwe karibu na mdomo na karibu na chemba.

#17 Mjukuu wa Karani

Nimepata mabaki ya mtiki, hapa Muheza shamba la serikali la Longuza lipo jirani, kila fundi ana vipande. Kitambaa nimepata kwa fundi wa puli: kijani, kipya, mita moja na robo, elfu kumi na tano baada ya kuombana.

#18 Mpiga Soga

Subiri. Juu nyekundu, chini kijani? Sanduku moja Simba na Yanga?? Hiyo bunduki italala usingizi kweli?

#19 Mjukuu wa Karani

Na mzee ni Simba damu. Sijamwambia.

#20 Jirani wa Voi

Kwani hicho kitambaa hakina rangi nyingine?

#21 Mjukuu wa Karani

Kilikuwapo cha bluu, kimechanika. Chekundu hana.

#22 Mama Cherehani

Kabla hujakata: kitambaa kitie kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, kifunge, tupa kwenye friza kali wiki mbili. Hata kama ni kipya. Mayai ya nondo hayaonekani, na sufu ndiyo ugali wao. Na usidanganywe na karafuu, inanukia vizuri na nondo wanaivumilia. Na lile joho la kifuniko lipitishe mswaki laini nje juani, hasa kwenye mishono, viluwiluwi vyao hujificha humo.

#23 Mjukuu wa Karani

Friza ya hapa ni ya mama, anauza samaki. Ngoja nikaombe.

*(wiki tatu baadaye)*

#24 Mjukuu wa Karani

Wakuu nimerudi, na nimerudi na aibu.

Kitambaa kilikaa friza na vibua, mfuko ulishika vizuri, hakinuki. Nikakata kadi kama Mtoto wa Mutrah alivyosema, nikavisha za kuta zote nne. Zikapendeza. Hapo kichwa kikavimba. Nikaona gundi nyeupe ya mbao inachelewa kukauka, kijana wa viatu hapa jirani akanipa kopo la gundi yake. Sakafu nikaipaka gundi ya viatu, nikapaka na kitambaa, bila kadi, nikalaza. Asubuhi madoa ya kahawia kila mahali, kama mtu aliyemwagia chai. Halafu kigawanyo kimoja cha mtiki, nilichokigundisha kwa gundi nyeupe hiyohiyo ya seremala, nimekishika tu kimetoka chote mkononi. Gundi imebaki kwenye mwaloni, kwenye mtiki hakuna kitu, kama vile haikuwahi kupakwa.

#25 Fundi Randa

Nilikuwa najua. Sikutaka kusema.

Mtiki una mafuta ndani ya mbao. Ndiyo maana hauliwi na mchwa, na ndiyo maana gundi inateleza. Piga msasa sehemu ya kugundisha, futa kwa kitambaa chenye asetoni halisi, si ile ya kucha yenye manukato na mafuta, subiri ikauke dakika chache, paka gundi SAA HIYOHIYO. Ukilaza mpaka kesho mafuta yanapanda tena juu. Halafu bana kwa jiliwa au hata mpira wa baiskeli.

Gundi ya viatu ing'oe pamoja na kitambaa. Ile inapenya, na ile harufu inayokupiga kichwani itafungiwa na bunduki humo ndani. Gundi nyeupe inachelewa, ndiyo, lakini ndiyo ya kazi hii. Ipake nyembamba kwa kipande cha kadi, siyo kwa kidole. Na hata hiyo ikishakauka, acha sanduku wazi wiki nzima. Ukiinusa na kusikia siki kwa mbali, bado.

#26 Mtoto wa Mutrah

Nilisema kadi jamani. Kadi.

#27 Mjukuu wa Karani

Mlisema. Nimerudi kwa fundi wa puli, safari hii amenipa kipande kwa elfu nane kwa kunihurumia.

*(siku kumi na moja baadaye)*

#28 Mjukuu wa Karani

Sakafu imeingia, kwa kadi. Kadi nilizokata zina milimita moja na nusu, kila ukingo nimepunguza milimita mbili ili mapindo ya kitambaa yapate pa kukaa. Kwenye kona za kadi nimekata mapindo mshazari, la sivyo kitambaa kinajikunja mara tatu na kufanya nundu. Mapindo nimeyabana kwa koleo za nguo hadi asubuhi. Mpangilio: sakafu kwanza, kisha kuta ndefu, kisha fupi, mwisho vigawanyo vilivyovishwa. Ukuta unapokanyaga ukingo wa sakafu, mshono hauonekani.

Vigawanyo vya mtiki safari hii nimevifuta vyote kwa asetoni. Nimening'inia navyo, havitoki.

Basi nikalaza bunduki, nikafunga kifuniko. Hakifungi. Kimebaki wazi kama upana wa penseli. Mkono ukaniwasha nikisukume.

#29 Fundi Randa

USIKISUKUME. Utang'oa bawaba kwenye mwaloni wa miaka mia. Umeweka nini chini ya kitambaa?

#30 Mjukuu wa Karani

Blanketi. Sakafu nzima.

#31 Fundi Randa

Jumlisha mwenyewe. Blanketi milimita tatu, kadi moja na nusu, kitambaa moja na kitu. Hiyo ni karibu sita. Joho la zamani lilikuwa mbili hata halifiki. Umeinua bunduki milimita nne, ndiyo hiyo penseli yako. Blanketi litoe lote, bakiza viraka viwili tu: chini ya kitako na chini ya mdomo wa mitutu, tena kwa kuchimba kadi ili kiraka kizame.

#32 Mama Cherehani

Ukitaka kujua panapogusa, paka chaki kidogo sehemu za juu za bunduki, shusha kifuniko taratibu juu ya karatasi nyeupe. Ndivyo tunavyotafuta bega la koti linapokaza.

#33 Mjukuu wa Karani

Mama, chaki imeonyesha kumbe kinachogusa si mitutu. Ni ile pete ya chuma inayozunguka vifyatulio. Nimelaza mtambo kwa ubavu badala ya kuusimamisha, nimetoa blanketi, nimeweka viraka viwili. Kifuniko kimeshuka chenyewe, kikatoa sauti ya "tuf", hewa ikatoka pembeni. Nimekifungua na kukifunga kama mara kumi na tano kwa ajili ya hiyo sauti tu.

Sanduku sasa liko wazi juu ya kabati, wiki inakwisha Jumanne. Siki imeisha.

#34 Bwana Nyama Mstaafu

Vizuri. Ngozi ya nje isipakwe mafuta ya kupikia kama nilivyoona wengine. Nta ya viatu isiyo na rangi, kidogo sana, mara moja kwa mwaka. Shaba usiing'arishe kwa dawa ya maji, itapenya kwenye ngozi na kuacha ukoko wa kijani.

#35 Mpiga Soga

Tunasubiri jambo moja tu hapa. Mzee kaiona?

#36 Mjukuu wa Karani

Kaiona jana.

Nikamfungulia kwenye meza. Akaangalia kifuniko kwanza, akasoma lebo polepole, herufi moja moja, akasema babu alikuwa akiwafundisha kusoma Kiingereza kwa lebo hiyo. Sikuwa najua. Halafu macho yakashuka chini.

Akakaa kimya. Akaniuliza, "Hii kijani ni ya nini?" Nikamwambia ya meza ya puli, baba. Akaniuliza tena, "Nyekundu ilikosekana Tanga nzima? Mji wa Coastal Union?"

Akaipanga bunduki mwenyewe, kipande kimoja kimoja. Kulikuwa na nafasi ndogo pembeni ya kitako, nilipanga iwe ya kitambaa cha kufutia. Akaenda chumbani, akarudi na ile kanga, akakata pindo lake kwa mkasi wa mama bila kuomba ruhusa, akalikunja likaingia hapo sawasawa. Sasa ukifungua, kwenye kijani unasoma HASIDI HANA.

Mama hasemi na mtu tangu jana.

#37 Mama Cherehani

Kanga ni doti. Mwambie mzee amnunulie doti nzima, sio kipande.

#38 Jirani wa Voi

Na ufunguo wa kitasa je? Ulisema kipo cha shaba.

#39 Mjukuu wa Karani

Ufunguo aliondoka nao Mgiriki, mkuu. Kwa sasa nimefunga kwa mkanda uliobaki. Kama kuna fundi funguo Tanga anayeweza vitasa vidogo vya zamani bila kuking'oa, aje inboksi.